Chatsworth na ukoo wa Cavendish: karibu miaka 500 ya kasri moja la Waingereza, na nani alikuwa analipa

Mkoba wa Babu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kwenye ule uzi wa bei za viwanja kuna mdau aliuliza inakuwaje ukoo mmoja wa Uingereza ushike ardhi ile ile karne kwa karne, wakati kwetu mzee akifariki, arobaini haijaisha watoto wameshaita dalali. Swali zuri, na jibu lake si fupi. Nitalijibu kwa nyumba moja tu: Chatsworth, mkoa wa Derbyshire, kando ya mto Derwent. Ukoo wa Cavendish wako pale tangu 1549. Kila mtu anayeandika kuhusu nyumba hii anaandika picha za kuchora, dari na vioo. Mimi nitaufuata mkoba wa hela: kila zama, nani alikuwa analipa?

Na msiseme haituhusu. Mmoja wa wenye nyumba hii jina lake liko kwenye kila daftari la historia la Kenya. Na kuna tunda lilikuzwa kwenye bustani yake ambalo leo liko kwenye meza za dunia nzima. Tutafika.

Tuanze na mama mwenye mji. Elizabeth Hardwick, wanamuita Bess, alizaliwa karibu mwaka 1527 kwenye familia ya heshima lakini mifuko mitupu. Aliolewa mara nne. Mume wa kwanza, Robert Barley, alikufa wote wawili wakiwa bado vijana wadogo, na Bess akaenda mahakamani kudai fungu lake la ujane. Akalipata. Mkumbuke hilo, kwa sababu maisha yake yote yatakwenda hivyo.

Wa pili ndiye Sir William Cavendish. Walifunga ndoa Agosti 1547 saa nane usiku, na bwana harusi mwenyewe ndiye aliyeiandika hiyo saa. Kazi yake? Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa na kutaifisha mali zao, huyu alikuwa mmoja wa maofisa waliozunguka kuhesabu na kupokea. Mnajua mtu wa kuhesabu mali ya kutaifisha huwa hatoki mikono mitupu. Alikusanya ardhi sehemu mbalimbali, Bess akamshawishi auze wanunue kwao Derbyshire. Mwaka 1549 wakainunua Chatsworth kwa pauni 600, na miaka michache baadaye ujenzi ukaanza.

Mwaka 1557 wakaguzi wa serikali wakafungua vitabu vya Sir William, ambaye wakati huo ndiye mtunza hazina ya mfalme. Zaidi ya pauni 5,000 hazionekani. Nyumba imegharimu 600 kununua, upungufu 5,000! Kabla mambo hayajaisha, mzee akafariki mwaka huo huo. Bess akabaki na watoto sita, nyumba nusu imejengwa, na deni la serikali.

Shombo

Kumbe upigaji ni wa zamani hivyo. CAG (mkaguzi wa hesabu za serikali) wa enzi hizo alikuwa hana masihara.

Mkoba wa Babu

Hana kabisa. Sasa mwangalie mama. Akaolewa na Sir William St Loe, mkuu wa walinzi wa Malkia Elizabeth, na kwa msaada wake lile deni likapunguzwa na kumalizwa. St Loe akafariki karibu 1565, wosia wake: kila kitu kwa Bess. Ndugu zake walichukia mpaka basi.

Mume wa nne alikuwa George Talbot, Earl (cheo cha ukabaila) wa Shrewsbury, mmoja wa matajiri wakubwa wa nchi. Bess hakuingia kichwa kichwa. Sambamba na ndoa yao walioza na watoto: mtoto wa kiume wa Bess akamuoa binti wa Earl, na binti wa Bess akaolewa na mtoto wa Earl. Mali ikafungwa mafundo pande zote.

Halafu Malkia akawatupia mgeni: Mary, malkia wa Scotland aliyekimbia kwao, ambaye Elizabeth hakumuamini hata kidogo. Shrewsbury akapewa kazi ya kumlinda, kwa zaidi ya miaka 15, wakimhamisha nyumba hadi nyumba, Chatsworth ikiwemo mara kadhaa. Mfungwa ana wapambe kibao wa kulishwa, na Elizabeth alikuwa mgumu wa kutoa posho. Earl alilalamika mpaka kufa kwamba ile kazi imemfilisi. Ndoa nayo ikafia humo humo.

Bess alipotengana na mumewe alirudi alikozaliwa, akajenga kasri jingine, Hardwick Hall, madirisha mengi kuliko kuta, na juu ya paa akaweka herufi za jina lake, ES (Elizabeth Shrewsbury), za mawe, zionekane kutoka mbali. Alifariki 1608.

Mtu wa Bandarini

Mkuu, bado hujajibu swali la urithi. Watoto sita, kwa nini nyumba haikugawanywa?

Mkoba wa Babu

Ndiyo nakuja huko, ndugu. Kwa mila yao ardhi yote huenda kwa kifungua mimba wa kiume. Wadogo zake wanatafutiwa jeshi, kanisa au bunge, mabinti wanapewa fedha za kuolewa nazo, basi. Ukatili, lakini shamba halikatwi vipande. Juu ya hapo wanasheria wakabuni hati za kumfunga hata huyo mrithi: wewe ni mwenye mali kwa uhai wako tu, kula mapato, kuuza huna ruhusa, mwanao anasubiri. Ukoo mzima unakuwa hauna mtu hata mmoja mwenye mamlaka kamili ya kuuza. Kwetu mtu akizaliwa wa tatu anadai haki yake sawa, na mimi naona ana haki. Ila hiyo ndiyo bei ya nyumba kubwa: kuna watu kila kizazi walizaliwa humo wakatoka na begi.

Chatsworth yenyewe ilikwenda kwa mtoto mkubwa, Henry, ambaye mama yake hakumpenda. Akamuuzia mdogo wake William. William akajipatia cheo cha Earl wa Devonshire mwaka 1618, cheo cha fedha taslimu, Mfalme James alikuwa na njaa ya hela. (Msiniulize kwa nini Devonshire wakati wanaishi Derbyshire. Ni majimbo mawili tofauti kabisa.)

Nyumba mnayoiona leo si ya Bess. Aliibomoa Earl wa nne, kidogo kidogo, upande baada ya upande. Huyu bwana alikuwa na hasira: alimpiga ofisa mmoja, Kanali Culpepper, ndani ya kasri la mfalme, akatozwa faini ya pauni 30,000. Akarudi shambani na mwaka 1687 akaanza kujenga upande wa kusini tu. Mwaka uliofuata akawa mmoja wa wale saba waliomwandikia barua William wa Orange, mtawala wa Uholanzi, aje achukue ufalme. William akaja, faini ikayeyuka, na mwaka 1694 jamaa akapandishwa kuwa Duke wa kwanza wa Devonshire, cheo cha juu kabisa nje ya ukoo wa kifalme. Sasa Duke hawezi kuwa na upande mmoja mpya na pande tatu kuukuu. Akamaliza zote nne mwaka 1707, na mwaka huo huo akafa.

Karne ya 18 naipitisha haraka. Duke wa nne alioa 1748 binti aliyerithi mali ya ukoo wa Boyle: nyumba London, ardhi Yorkshire, ngome ya Lismore na mashamba ya Ireland. Kwa hiyo kodi za wakulima wa Ireland nazo zikaanza kuingia Derbyshire. Huyo binti alikufa kwa ndui kabla hajafika miaka 25. Duke wa tano alikuwa na mgodi wa shaba wa Ecton, uliomtemea hela mpaka akajenga mtaa mzima wa nusu duara mjini Buxton. Mkewe Georgiana alizila nyingine kwenye kamari na alikuwa akimficha mumewe deni kamili. Na rafiki yake mpenzi, Lady Elizabeth Foster, aliishi nao nyumba moja akamzalia Duke watoto wawili. Tamthilia hiyo wengine wameshaisimulia, mimi narudi kwenye hesabu.

Binti Kagera

Kaka, umetaja tunda halafu umelikimbia. Nasubiri.

Mkoba wa Babu

Dada, shika hapo hapo.

Duke wa sita alirithi 1811 akiwa na miaka 21. Hakuoa. Masikio yake yalikuwa mazito, pesa yake nyepesi. Mwaka 1826 akamwajiri kijana wa miaka 22, Joseph Paxton, mtoto wa familia ya wakulima, awe mkuu wa bustani. Paxton mwenyewe alisimulia siku ya kwanza: alifika saa kumi na nusu alfajiri, hakuna aliyeamka, akaruka geti la bustani. Akazunguka eneo lote, saa kumi na mbili akawapangia wafanyakazi kazi, kisha akaenda kupata kifungua kinywa kwa mama msimamizi wa nyumba, akakutana na mpwa wa yule mama, Sarah. Kabla ya saa tatu asubuhi walikuwa wameshapendana. Na walioana kweli mwaka uliofuata. Sarah ndiye baadaye alikuwa akishika vitabu vya hesabu mumewe akisafiri na Duke.

Huyu Paxton alijenga nyumba ya vioo ya mimea ya nchi za joto, urefu wake mita 84, ikipashwa joto na matanuru manane. Makaa ya mawe yalipelekwa kwa kireli kidogo ndani ya handaki, wageni wasione moshi wala mpakiaji. Malkia Victoria alipozuru 1843 alipitishwa humo ndani akiwa kwenye gari la farasi, taa 12,000 zimewashwa. Ikasemekana mfalme wa Urusi anakuja mwaka uliofuata, Duke akataka maji yarushwe juu kuliko ya kasri la mfalme huyo. Wakachimba ziwa la ekari nane juu ya kilima, vibarua wakifanya kazi hata usiku kwa mwanga wa mienge. Hakuna pampu, ni uzito wa maji yanayoshuka tu. Yaliruka hadi mita 90 hivi. Mfalme hakuja.

Sasa tunda. Karibu 1830 Paxton alinunua mche wa mgomba uliotokea Mauritius, asili yake China. Akauweka kwenye udongo mzuri, maji mengi na joto, na Novemba 1835 ukatoa mkungu wenye ndizi zaidi ya mia moja. Ukapewa jina la kisayansi la mwenye nyumba: *Musa cavendishii*. Mmisionari John Williams akaondoka na miche kupeleka Samoa, ikaenea visiwani. Ndizi iliyotawala biashara ya dunia kwanza ilikuwa aina nyingine, Gros Michel. Ugonjwa wa mnyauko ulipoifyeka mashambani hadi miaka ya 1950, makampuni yakahamia Cavendish, kwa sababu ilistahimili. Ndizi karibu zote mnazoziona kwenye supamaketi za Ulaya ni hiyo.

Binti Kagera

Ndiyo maana! Ile ndizi ndefu ya njano isiyo na ladha. Sisi huku ebitoke zetu za kupika ni jamii nyingine, hatukusubiri Duke atufundishe mgomba.

Kijana wa Nakuru

Kwetu Kenya wakulima wengi wanapanda Grand Nain na Williams kwa miche ya maabara. Hizo zote ni Cavendish. Lakini sasa kuna mnyauko mpya unaishambulia hata Cavendish, uligunduliwa kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2013. Hapo ni karibu sana nasi.

Mkoba wa Babu

Asante kaka, hilo ndilo linalowanyima watafiti usingizi. Migomba ya Cavendish duniani inafanana kijenetiki karibu yote, ukiugua mmoja, yote iko hatarini.

Nigusie moja kabla sijaiacha zama ya Paxton. Kijiji cha Edensor kilikuwa sehemu fulani kinaonekana kutoka kwenye nyumba. Kikaondolewa, kikajengwa upya nyuma ya kilima, kila nyumba na ramani yake. Nyumba moja tu ya zamani iliachwa, mpaka leo iko peke yake kwenye majani.

Shombo

Bomoabomoa ya kupendezesha mandhari. Angalau waliwajengea.

Mkoba wa Babu

Nzuri kuliko walizokuwa nazo, tuwe wakweli.

Duke wa sita alikufa 1858 akaacha madeni makubwa. Wa saba akajaribu viwanda na meli kule Barrow, akapoteza. Wa nane alikataa uwaziri mkuu mara tatu. Wa tisa ndiye wetu.

Victor Cavendish, Duke wa tisa, alirithi 1908 na serikali ikamkaribisha kwa kodi ya urithi ya zaidi ya pauni nusu milioni. Akauza vitabu 25 vya Caxton, mchapishaji wa kwanza wa Uingereza, pamoja na tamthilia za kale, vikaenda Marekani. Akauza kasri lake la London. Ile nyumba ya vioo, mimea ilikufa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kukosa makaa, na mwaka 1920 ikalipuliwa kwa baruti. Iligoma mara kadhaa kuanguka.

Oktoba 1922 akawa Waziri wa Makoloni.

Kijana wa Nakuru

Devonshire White Paper, 1923! Tuliukariri kama sala. Kumbe ni yeye?

Mkoba wa Babu

Ni yeye. Wasiojua: Wahindi wa Kenya, ambao walikuwa wengi kuliko walowezi, walidai kura sawa na haki ya kununua ardhi kwenye nyanda za juu. Walowezi wakapandwa na jazba hadi wakapanga njama ya kumteka gavana na kushika reli na simu. Julai 1923 Waziri akatoa waraka. Unasema Kenya kimsingi ni nchi ya Kiafrika, na masilahi ya wenyeji ndiyo yatangulie, yakigongana na ya wahamiaji, ya wenyeji yashinde.

Maneno matamu. Angalia kilichogawiwa: viti 11 vya kuchaguliwa kwa Wazungu, 5 kwa Wahindi, 1 kwa Waarabu. Mwafrika sifuri. Wa kumsemea akateuliwa mmisionari. Nyanda za juu zikabaki za Wazungu vile vile. Mwafrika wa kwanza kuingia baraza lile ni Eliud Mathu, mwaka 1944.

Kijana wa Nakuru

Mwalimu wetu alitwambia Mwafrika alitumiwa kama fimbo ya kumchapia Mhindi. Lakini pia akasema ile sentensi iliwarudi wenyewe: kila wakoloni walipodai Kenya iwe ya walowezi kama Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), walionyeshwa waraka wao.

Mkoba wa Babu

Mwalimu wako alikuwa sahihi pande zote mbili. Na Rhodesia ya Kusini ilipewa serikali ya walowezi mwaka huo huo, Waziri ni yule yule. Mtu aliyezaliwa kwenye mfumo wa kifungua mimba kuchukua ardhi yote, aliona kawaida kabisa ardhi bora iwe ya wachache milele. Hayo ni maoni yangu, anayepinga aje na hoja.

Nongwa ya pembeni: binti yake, Dorothy, aliolewa 1920 na kijana wa ukoo wa wachapishaji vitabu aitwaye Harold Macmillan. Ndiye waziri mkuu aliyetoa mwaka 1960 hotuba ya upepo wa mabadiliko, kwamba Afrika inaelekea uhuru, na Tanganyika na Uganda zilipata uhuru akiwa madarakani. Mkwe na baba mkwe.

Sasa pigo kubwa. Duke wa kumi, Edward, alikuwa na mrithi, William, aliyemuoa Kathleen Kennedy, dada wa John F. Kennedy, Mei 1944. Waliishi pamoja wiki chache tu. Septemba William akauawa kwa risasi vitani Ubelgiji. Kathleen alikufa kwa ajali ya ndege 1948, kaburi lake liko Edensor, na kaka yake akiwa rais alilizuru Juni 1963, miezi michache kabla naye hajauawa.

Edward akaona kodi ya urithi imefika asilimia 80. Mwaka 1946 akaihamisha mali ili imfikie mtoto aliyebaki, Andrew. Sheria ilisema ukitoa zawadi lazima uishi miaka mitano, ukifa kabla, kodi inadaiwa yote. Tarehe 26 Novemba 1950 alikuwa anapasua kuni Eastbourne, akaanguka akafa. Miaka 55. Zilibaki wiki 14.

Mtu wa Bandarini

Wiki 14?! Hapo mimi namtilia shaka mtu.

Mkoba wa Babu

Hujakosea kunusa. Daktari aliyekuwa naye, John Bodkin Adams, alisimama mahakamani mwaka 1957 kwa tuhuma za kumuua mgonjwa mwingine, bibi kizee tajiri, mahakama ikamwachia huru. Kuhusu Duke hakushtakiwa, na hata kama kuna mkono wa mtu, aliyefaidika na kifo kile ni mtoza kodi peke yake.

Andrew na mkewe Deborah Mitford wakauza maelfu ya ekari. Mchoro wa Rembrandt ukaenda, wa Holbein ukaenda, na Hardwick Hall, ile yenye herufi za bibi juu ya paa, ikakabidhiwa serikalini badala ya fedha. Chatsworth wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa bweni la shule ya wasichana 300, ilihitaji kila kitu. Wenyewe hawakuhamia mpaka 1959. Deborah ndiye aliyeiokoa, kwa maoni yangu: alifungua duka la nyama na mazao ya shamba 1977, akafuga kuku wanaotembea mbele ya wageni, na alikuwa shabiki sugu wa Elvis. Mwanamke aliianzisha, mwanamke akaikwamua, katikati wanaume walikuwa wanachukua vyeo.

Shombo

Sasa leo ya nani? Ya Duke au ya serikali?

Mkoba wa Babu

Si ya serikali. Mwaka 1981 waliunda wakfu, wakaukodishia nyumba, bustani na sehemu ya ardhi kwa miaka 99, mtaji wake ukatokana na kuuza mchoro wa Poussin. Ukoo wenyewe wanapoishi humo wanalipa pango kwa huo wakfu, kama wapangaji. Matengenezo makubwa yaliyomalizika 2018 yaligharimu zaidi ya pauni milioni 30. Anayelipa leo ni mwenye tiketi, mnunua soseji dukani, na mwenye harusi ya kukodi ukumbi.

Binti Kagera

Nina mdogo wangu anasoma Sheffield. Kiingilio chao kinaumiza?

Mkoba wa Babu

Kuingia nyumbani na bustanini kunauma kidogo, bei hubadilika kwa msimu, aangalie kabla. Ila ile hifadhi ya nje yenye kondoo na mto ni bure kwa mtembea kwa miguu. Ashukie kijiji cha Baslow afuate njia ya kando ya mto. Akienda na gari, maegesho atalipia.